Kutazama Nyota Baada ya Kustaafu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa wastaafu wenzangu: walimu, wauguzi, mafundi wa reli, makarani, na akina mama waliouza duka baada ya watoto kumaliza shule. Wengi wameanza kutazama nyota baada ya miaka 60, na wengine bado wanajiuliza kama inafaa. Nimejibu nikifikiria zaidi msomaji wa Tanzania na Kenya, kwa sababu anga la huku, jirani na ikweta, halifanani na lile linaloelezwa kwenye vitabu vingi vya Ulaya.

Kwa nini nyota? Wenzangu wanafuga kuku na kulima bustani.

Fuga kuku, lima bustani, cheza bao. Nyota hazigombanii muda na kazi hizo, maana zinakuja giza likishaingia, saa ambazo wengi wetu tunabaki mbele ya televisheni tukisinzia.

Lakini ipo sababu kubwa zaidi. Anga linamtaka mtu mwenye muda na asiye na haraka. Mtu wa kazini hulitazama mara moja moja, akaona nyota nyingi zilizotapakaa, akaingia ndani. Anayelirudia jioni baada ya jioni ndiye anayegundua kwamba lile kundi lililokuwa mashariki Desemba sasa liko utosini, na kwamba "nyota" moja kati yake imehama. Ukishaona sayari imehama kwa macho yako mwenyewe, bila kuambiwa na mtu, utarudi kesho yake kuitafuta.

Na umri wetu una jambo lake huko juu. Mshtarii huzunguka jua kwa takriban miaka 12, na Zohali kwa takriban miaka 29 na nusu. Piga hesabu: ndani ya miaka 59 hadi 60, Mshtarii imezunguka mara tano na Zohali mara mbili. Kwa hiyo mtu anapofikia umri wa kustaafu kwa lazima katika utumishi wa umma, sayari hizo mbili kubwa zinakuwa zimerudi karibu na zilipokuwa siku alipozaliwa, zikiwa na nyota zilezile nyuma yake. Hakuna utabiri ndani yake, ni mzunguko tu. Lakini mimi sijapata zawadi ya kustaafu iliyonigusa kuliko kulijua hilo na kutoka nje kuzitazama.

Nianze kwa kununua nini?

Usinunue kitu. Hasa usiguse kiinua mgongo kwa ajili ya darubini katika mwaka wa kwanza.

Tafuta kiti cha kuegemea, au mkeka na mto. Chagua sehemu ya ua ambayo taa ya jirani haikupigi usoni. Anza kutazama saa mbili usiku. Huku kwetu jua huzama karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na giza kamili huingia kama saa moja na robo baadaye, kwa hiyo mzee hana haja ya kukesha. Wenzetu wa Ulaya ya kaskazini, mwezi Juni, hungoja hadi usiku wa manane ndipo waone nyota, na wengine hawapati giza kamili kabisa. Sisi tukishakula tu, anga liko tayari.

Kaa dakika 20 hadi 30 bila kutazama taa wala simu. Jicho linahitaji muda huo kuzoea giza, na ukiwasha simu mara moja tu, unaanza upya. Kama lazima uwe na mwanga, funika tochi kwa kitambaa chekundu au mfuko mwekundu wa nailoni, kwa sababu mwanga mwekundu hafifu hauharibu sana uoni wa usiku. Miezi mitatu ya namna hiyo itakufundisha mambo ambayo darubini haifundishi.

Nina miaka 68 na macho yamechoka. Si nimechelewa?

Hujachelewa, ila jicho lako si lile la miaka 20, na ni vizuri kujua limebadilika wapi.

Kwanza, mboni. Kijana akiwa gizani mboni yake hutanuka hadi karibu milimita 7. Kwa wengi wetu wenye miaka 60 na zaidi hufikia kama milimita 5, au pungufu. Mwanga unaoingia ni kidogo zaidi, basi nyota zile hafifu kabisa tunaziacha kwa wajukuu. Hata hivyo kwenye giza la kweli zinabaki nyota mamia kwa mamia, na makundi yote makubwa yanaonekana wazi.

Pili, miwani. Miwani ya kusomea ivue. Ya kuonea mbali ivae. Nyota ikionekana na mikia au imechanua, huenda unahitaji kupimwa upya. Nyota ni kipimo kikali cha macho kuliko herufi za ukutani.

Tatu, mtoto wa jicho. Dalili yake usiku ni taa kuwa na duara la mwanga, na nyota kufifia kana kwamba kuna ukungu ambao wenzako hawauoni. Inatibika kwa upasuaji wa kubadilisha lenzi ya jicho, na waliofanyiwa husimulia kwa furaha jinsi weupe wa nyota ulivyorudi. Usikubali kuambiwa "ni uzee tu".

Na hili lichukue kwa uzito: ukiona mimweko ya mwanga pembeni mwa jicho hata ukiwa umefumba macho, au vidoa vyeusi vingi vimejitokeza ghafla, hicho si kimondo. Nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kuwa pazia la nyuma ya jicho linabanduka. Mwenye kisukari apimwe macho kila mwaka hata kama anaona vizuri.

Kuna ujanja mmoja mzuri. Kitu hafifu usikikodolee moja kwa moja; tazama pembeni yake kidogo. Sehemu ya jicho inayohisi mwanga mdogo haiko katikati. Doa la ukungu ambalo lilikuwa linapotea linajitokeza lenyewe.

Nitajuaje nyota gani ni ipi?

Jifunze kundi moja kwa msimu, usikimbilie ramani nzima. Nyakati ninazozitaja ni za mapema usiku.

Januari na Februari anza na Jabari. Tafuta nyota tatu zilizopangana mstari, zinazofanya mshipi wake. Upande mmoja wa mshipi kuna Betelgeuse, nyekundu. Upande wa pili kuna Rigel, nyeupe yenye ubuluu. Ufuate mstari wa mshipi kwenda kusini mashariki utafika Shira, nyota inayong'aa kuliko zote za usiku. Ukiurudisha upande wa pili unafika Dabarani, ya rangi ya chungwa, na mbele kidogo Kilimia, kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana. Kusini zaidi, peke yake, ni Suheli, ya pili kwa mng'ao, ambayo manahodha wa pwani waliitumia kujua kusini. Kwa mstari mmoja tu wa mshipi umeshapata nusu ya anga.

Aprili hadi Juni geukia kusini. Salibu ni ndogo kuliko watu wanavyotarajia: nyota nne zenye umbo la msalaba, na kando yake nyota mbili kali zinazoielekea. Ile iliyo mbali zaidi na msalaba ni Rijili Kantori, mfumo wa nyota ulio karibu nasi kuliko mwingine wowote baada ya jua letu, umbali wa miaka ya nuru 4.4, yaani mwanga wake huchukua miaka 4.4 kutufikia. Mtu wa London haioni kabisa. Jioni hizohizo geuka kaskazini, chini chini, utaona Dubu Mkubwa. Sisi wa jirani na ikweta tunapata vyote viwili kwa kugeuza kiti tu, na watu hulipa nauli kubwa kuja kuona jambo hilo.

Julai hadi Septemba ndio msimu wa bara. Kuanzia Dodoma, Singida, Tabora hadi Iringa mawingu ni machache na hewa ni kavu. Nge yuko juu kabisa, mkia umejikunja, na moyoni ana nyota nyekundu, Antares. Nyuma ya mkia wake Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga hafifu unaokatiza anga, inanenepa: huko ndiko kitovu cha galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo. Kama utasafiri mara moja tu kwa ajili ya nyota, safiri mwezi Julai au Agosti, siku ambazo mwezi haupo.

Oktoba na Novemba nyota kali ni chache. Ukiwa kijijini tafuta doa hafifu kaskazini, galaksi ya Andromeda. Mwanga wake umesafiri takriban miaka milioni 2.5. Sijui kitu kingine cha mbali hivyo ambacho mtu wa kawaida anaweza kukiona bila kifaa chochote.

Ukikwama, programu ya bure ya Stellarium kwenye simu itakuonyesha jina. Iweke kwenye hali ya mwanga mwekundu, uitumie kuthibitisha ulichokwisha kukiona. Anayeanza na simu huishia kutazama simu.

Wazee walikuwa wakisema habari za Kilimia na mvua. Ni kweli?

Ni kweli, na unaweza kuipima mwenyewe. Methali inasema: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Kila jioni ya Aprili tazama magharibi mara tu giza linapoingia. Kilimia kinashuka, kinashuka, na mwishoni mwa mwezi kinamezwa na mwanga wa machweo. Hapo ni katikati ya masika. Kinapotea wiki kadhaa, kwa sababu jua limepita mbele yake. Mwezi Juni amka alfajiri, tazama mashariki: kimezuka, na mvua zimekwisha. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua. Mwezi Novemba kinachomoza mashariki jioni, jua likiwa linazama upande wa pili, na hapo vuli iko njiani au imeshafika.

Nyota haziteremshi mvua. Zote mbili, mvua na nyota, zinafuata safari ileile ya dunia kuzunguka jua, na Kilimia kilikuwa kalenda ambayo haihitaji kuchapishwa. Hali ya hewa ya sasa inayumba, kwa hiyo usipande mahindi kwa kutegemea Kilimia peke yake. Lakini kuifuata methali hiyo mwaka mzima ni zoezi bora kuliko yote ninayoyajua kwa anayeanza. Wapwani walikuwa pia na hesabu ya miongo, siku kumi kumi kuanzia Nairuzi. Kama bado una mzee wa kumuuliza, muulize sasa.

Sasa nataka darubini. Ipi?

Ya macho mawili, ile ya kushika mkononi. Juu yake utaona namba kama 7x50, 8x40 au 10x50. Namba ya kwanza ni mara ngapi inakuza. Ya pili ni upana wa lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya ya pili kwa ya kwanza upate upana wa mwale wa mwanga unaotoka kuelekea jichoni. 7x50 inatoa milimita 7 hivi, na kama nilivyosema, mboni ya mzee haifunguki kiasi hicho, kwa hiyo sehemu ya mwanga uliolipia inaishia nje ya mboni. 10x50 na 8x40 zote zinatoa milimita 5, zinatufaa. Kama mikono inatetemeka au mabega yanauma, chukua 8x40, ni nyepesi.

Dukani usikubali kununua kabla ya kutoka nje nayo. Elekeza kwenye antena au waya wa mbali. Ukiona picha mbili, au macho yanavutana, vioo vyake havikupangwa sawa, iache. Zungusha gurudumu la katikati, lisiwe na mchezo. Mwenye miwani ajaribu akiwa nayo usoni, na mipira ya darubini inayogusa macho iwe imekunjwa.

Nyumbani, tatizo kubwa ni mtikisiko. Kaa, egemeza viwiko kwenye mikono ya kiti. Au chukua ufagio wa mpini mrefu, uugeuze, uukanyagie mpini chini, darubini uilaze juu ya nyuzi za ufagio. Inaonekana ajabu lakini inatuliza picha kiasi kwamba utaona miezi minne ya Mshtarii, vidoa vidogo vimejipanga kandokando yake. Tazama leo, tazama kesho: imebadilisha nafasi. Galileo aliiona Januari 1610, na kifaa chako huenda ni safi kuliko chake.

Darubini kubwa ya kusimamisha juu ya miguu mitatu ingojee. Usivutwe na boksi lililoandikwa "mara 525". Ukuzaji hupatikana kwa kugawa urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi hadi pale mwanga unapokutana, kwa milimita) kwa ule wa kioo cha jichoni: 700 kwa 25 ni mara 28, na hapo pete za Zohali zinaanza kujitenga. Zaidi ya mara mbili ya upana wa lenzi kwa milimita, yaani mara 140 kwa lenzi ya 70, unakuza ukungu tu. Cha muhimu kuliko ukuzaji ni miguu imara. Ikitikisika kwa upepo wa kawaida, hutaona kitu.

Na kamwe usielekeze darubini yoyote kwenye jua. Jicho linaungua kabla hujahisi maumivu.

Nina presha, na nyumbani wanaogopa nitaanguka gizani.

Wana haki kuogopa. Kuanguka kunaumiza wazee kuliko karibu kila kitu kingine katika burudani hii, na kinga yake ni rahisi.

Panga kiti na vifaa mchana, ondoa ndoo, kamba na mpira wa maji njiani. Toka nje giza halijaingia, ukae. Macho yazoee ukiwa umeketi. Usipande juu ya bati wala ngazi. Ukiwa umelala kwenye mkeka na unatumia dawa za presha, usiinuke ghafla: geuka ubavu, keti kwanza, hesabu pumzi chache, ndipo usimame. Kizunguzungu cha kuinuka haraka kinawaangusha wengi. Usitazame utosini ukiwa umesimama na shingo imekunjwa nyuma. Hiyo ndiyo kazi ya kiti cha kuegemea.

Mbu: mikono mirefu, soksi, dawa ya kupaka. Malaria haijali kwamba ulikuwa unatazama Salibu. Baridi nayo, kwa Njombe, Makete, Limuru na mfano wake, mwezi Julai si ya kubishana nayo. Koti, kofia, blanketi miguuni. Anayetumia dawa za kisukari ale kwanza.

Mzee peke yake gizani, anaangalia juu. Majirani hawatanishuku uchawi?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na akina mama, na silichukulii kwa wepesi. Katika baadhi ya maeneo yetu wazee wameteswa na hata kuuawa kwa tuhuma hizo, wengine kwa sababu tu macho yao yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka mingi.

Basi usianze kwa kujificha. Waambie majirani na balozi wa nyumba kumi kabla hujatoka usiku wa kwanza. Anza mapema, saa moja na nusu, ndani ya ua wako, si njia panda wala shambani. Jioni ya mwezi wa siku tano au sita, waite watoto wa jirani na wazazi wao, waonyeshe mashimo ya mwezini kwa darubini ya mkononi. Mtu aliyekwisha kuyaona kwa jicho lake hana tena siri ya kusimulia juu yako. Kinyume chake, atakuwa anapita kukuuliza ile inayong'aa magharibi ni nini. Kama mahali ulipo tuhuma za namna hiyo zimeshapamba moto, usitazame peke yako hata siku moja. Tazama kanisani baada ya ibada, shuleni, au kwa mwanao mjini.

Dini yangu inakataza kutabiri kwa nyota. Hii si ramli?

Hapana. Hapa hakuna anayesoma bahati ya mtu. Tunajifunza nyota ziko wapi, zina umbali gani, zinakwendaje. Waislamu wamekuwa na elimu ya falaki kwa karne nyingi, kwa ajili ya kibla, nyakati za sala na kuandama kwa mwezi, na ndiyo maana nyota nyingi zina majina yenye asili ya Kiarabu hadi leo.

Tena mstaafu mwenye subira ni mtu wa kufaa sana kutafuta mwezi mwandamo. Unahitaji upeo wa magharibi ulio wazi, uwe umefika jua halijazama, na ujue upande ambao jua limezamia. Huku kwetu hilali mara nyingi imelala chali kama dau, pembe zote mbili zikielekea juu, tofauti na picha za nchi za kaskazini ambako husimama wima. Darubini ya macho mawili inasaidia sana, mradi usiinue kabla jua halijazama lote.

Naishi Dar es Salaam (au Nairobi, au Mombasa). Nitaona nini?

Mwezi, sayari zote tano zinazoonekana kwa macho, na nyota kali kama Shira, Suheli na Antares. Mwanga wa mji hauziui hizo. Njia Nyeupe sahau.

Kwa hiyo fanya mji kuwa mahali pa mwezi na sayari. Sayari haimemeti kama nyota; inatulia. Zuhura ndiyo kali kuliko zote, jioni magharibi au alfajiri mashariki, kamwe si katikati ya usiku. Mwezi usiutazame ukiwa mpevu, kwa sababu jua linaupiga usoni na vivuli vinapotea. Utazame ukiwa nusu, kwenye mpaka wa giza na mwanga. Milima na mashimo yanasimama kwa vivuli vyake. Wanaokumbuka redio ya Julai 1969 watafute Bahari ya Utulivu, ile tambarare nyeusi ambako Apollo 11 ilitua.

Ukienda likizo kijijini kwenu, panga siku za mwisho za mwezi wa kuandama.

Nimeona msururu wa taa zikipita angani kimya, kama ishirini hivi. Nini ile?

Ni satelaiti za intaneti za Starlink zilizorushwa pamoja karibuni, kabla hazijatawanyika. Taa moja kali inayopita kwa dakika chache bila kumeta huenda ni Kituo cha Kimataifa cha Anga, chenye watu ndani, kilometa 400 hivi juu. Huzunguka dunia kila baada ya dakika 90.

Nawavutiaje wajukuu? Wako kwenye simu tu.

Mpe kila mmoja nyota ya umri wake. Mwanga wa Shira huchukua takriban miaka 8 na nusu kufika. Mjukuu wa miaka minane au tisa anaona mwanga ulioondoka huko karibu na siku aliyozaliwa. Wa miaka 17 mpe nyota ya Tairi (Altair). Mjomba wao wa miaka 25 apate Vega, na shangazi wa 37 apate Simaki (Arcturus). Babu wa miaka 65 ana Dabarani, na hiyo ndiyo nzuri kuliko zote: mwanga unaogusa jicho lake usiku huo ulianza safari mwaka aliozaliwa, ukawa njiani muda wote alipokuwa anasoma, anaoa, anafanya kazi, analea. Watoto hulidaka hilo mara moja, na huanza kuuliza nyota ya mama, ya mwalimu, ya mbwa.

Vimondo vya usiku wa kuamkia Desemba 14 vinafaa familia nzima ikiwa imekusanyika kwa likizo. Mkeka, mablanketi, chai, na anayeona kimondo apige kelele.

Nikishazoea, kuna la maana ninaloweza kufanya, au ni kutazama tu?

Kutazama tu kunatosha. Ila anayetaka zaidi aweke daftari: tarehe, saa, hali ya mawingu, alichokiona, mchoro. Zipo nyota zinazobadilika mng'ao, na chama cha AAVSO cha Marekani, kilichoanzishwa 1911, hupokea makadirio ya watu wa kawaida wa nchi yoyote. Betelgeuse ilipofifia mwishoni mwa 2019 hadi Februari 2020, badiliko lile lilionekana kwa macho matupu. Aliyekuwa na mazoea ya kuilinganisha na Dabarani kila wiki aliliona mwenyewe.

Tafuta wenzako pia. Kenya kuna The Travelling Telescope ya Susan Murabana na Chu Owen, wanaozungusha darubini mashuleni na kwa umma. Tanzania, Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amefanya kazi kubwa ya kuwaeleza wananchi habari za anga. Hata watu wanne wa mtaa mmoja wakiwa na darubini moja wanatosha.

Kuna safari ya kufanya mchana, kwa sisi tusioweza kukesha?

Zipo mbili ninazozipenda. Kimondo cha Mbozi, kijiji cha Ndolezi, mkoa wa Songwe: bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa takriban meta 3, lililoanguka kutoka angani. Weka kiganja juu yake. Kwa wengi wetu hicho ndicho kitu pekee cha angani tutakachowahi kukigusa kwa ukubwa ule.

Nyingine ni Malindi. Kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na hapo, tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa satelaiti ya kwanza kabisa ya kuchunguza mionzi ya eksirei kutoka angani. Ilikuwa Siku ya Uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Ukisimama ufukweni unatazama bahari ambako mlango huo wa sayansi ulifunguliwa.

Ni matukio gani makubwa niyaweke kwenye kalenda?

Wa Mbeya wanaikumbuka Septemba 1, 2016, jua lilipopatwa likabaki pete na watu wakajaa Rujewa. Yapo mawili ya kujiandaa.

Agosti 2, 2027 jua litapatwa lote kwa wale walio Luxor, Jeddah, Makka na sehemu za Somalia. Huko Luxor giza litazidi dakika sita. Wenye watoto Ghuba waanze kuulizia tiketi, ila wakumbuke Agosti ya huko ni joto kali kwa mwili wa mzee. Sisi wa Kenya na Tanzania tutaona sehemu tu ya jua ikiwa imeliwa, mchana, na kadiri ulivyo kaskazini ndivyo pengo litakavyokuwa kubwa.

Mei 21, 2031 ni pete tena, na njia yake inapita Angola, Zambia, Kongo na Tanzania. Hiyo haihitaji pasipoti kwa wengi wetu.

Kwa yote mawili tafuta mapema miwani maalumu ya kupatwa kwa jua yenye alama ya ISO 12312-2, na uikague isiwe na tundu wala mkwaruzo. Miwani ya kawaida ya jua haifai hata ukivaa mbili, wala filamu ya eksirei, wala kioo kilichopakwa masizi. Ukikosa, toboa tundu dogo kwenye kadi, simama umelipa jua mgongo, uache mwanga upite tunduni uangukie kwenye karatasi nyeupe. Utaona pengo lake hapo bila kuliangalia jua lenyewe.